Mtoto wako akikwama, usianze na 'mmeshinda?'

Saa tano usiku wa Jumapili simu yangu iliita. Alikuwa mama mkubwa, na mama mkubwa hapigi simu usiku isipokuwa kuna msiba au mtu kalazwa. Nilipokea moyo ukinidunda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu wewe uliyesoma niambie. Gari la kwenda Mars ndiyo kitu gani?"

Nilitaka kucheka, lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayetania. Mtoto wake wa mwisho, ambaye mimi namwita mdogo wangu, yuko mwaka wa tatu wa uhandisi katika chuo kimoja nchini Marekani. Alipata ufadhili wa ada, na sisi ndugu tukachanga nauli na fedha za kuanzia maisha. Mwaka jana alijiunga na timu ya wanafunzi wanaotengeneza vigari vya kutembea kwenye sayari ya Mirihi, ile ambayo wengi tunaiita Mars. Tangu hapo, akipigiwa simu jioni yuko karakana, akipigiwa usiku wa manane yuko karakana.

Kisha zikapita siku 12 hapokei kabisa. Anajibu kwa maneno mawili tu: "Nipo salama."

"Mara ya mwisho nilimuuliza, mmeshinda? Akasema, mama nitakupigia. Mpaka leo hajapiga," alisema mama mkubwa, kisha akanyamaza.

Nilimuahidi kwamba nitamtafuta. Lakini kwanza nilikaa nikasoma kuhusu hayo mashindano, maana ni vigumu kumsaidia mtu katika jambo usilolijua. Niliyoyakuta naona yanamhusu kila mzazi, hata yule ambaye mtoto wake yuko kidato cha pili na hajawahi kushika bisibisi.

Mashindano yenyewe

Kuna mashindano ya vyuo vikuu yanayoitwa University Rover Challenge. Yalianza mwaka 2007 na huandaliwa na Mars Society, taasisi ya watu wanaotamani binadamu afike Mirihi. Hufanyika katika jangwa la jimbo la Utah, Marekani, karibu na mji mdogo wa Hanksville. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu udongo wake ni mwekundu, pana mawe, mabonde na vumbi, na hapana miti. Ukiona picha zake unaweza kudhani si duniani.

Wanafunzi hutengeneza kigari, wenyewe hukiita rova, chenye magurudumu, kamera, betri na mkono wa chuma. Kikiwa tayari kwa kazi, uzito wake hautakiwi kuzidi kilo 50. Kinapewa kazi nne. Kwanza, kupeleka vifaa na kuokota vitu kwenye ardhi yenye mawe na miteremko. Pili, kutumia mkono wake kubonyeza swichi, kukaza na kufungua vitu kwenye mtambo. Tatu, kutafuta njia chenyewe bila mtu kukiongoza. Nne, kuchimba udongo na kuupima kama una dalili za uhai.

Hiyo ya nne ilinivutia kwa sababu ya kazi yangu ya kuandika habari za afya. Ni maabara ndogo iliyofungwa juu ya magurudumu, na sheria yake ni ile ile ya maabara za hospitali zetu: sampuli ikichanganyika na uchafu, majibu hayana maana.

Wanaokiendesha hawakioni. Wanakaa ndani, mahali palipozibwa, na wanachokijua ni kile tu ambacho kamera zinawaonyesha. Nilipofika hapo nilimkumbuka mama mkubwa. Naye anamwona mtoto wake kupitia kioo cha simu, dakika tano kwa wiki, na hajui kilichopo pembeni ya picha.

Si kila timu inafika jangwani. Katika miaka ya karibuni timu zinazoomba huzidi 80, lakini zinazoalikwa huwa chini ya 40. Mchujo mkubwa ni wa video. Timu inajirekodi ikionyesha kigari chake kinafanya nini, waamuzi wanaangalia, kisha wanasema njooni au hapana.

Timu inayobadilika kila mwaka

Niliisoma sana timu moja, ya Missouri University of Science and Technology. Chuo hicho kiko katika mji wa Rolla, si mji mkubwa, na kilianzishwa mwaka 1870 kama shule ya madini. Timu yao ya vigari ilianzishwa mwaka 2012 na ikaingia mashindanoni kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Kila mwaka wanatengeneza kigari kipya na kukipa jina: Zenith mwaka 2016, Gryphon mwaka 2017, Atlas mwaka 2018. Sehemu nyingi, zikiwamo bodi za umeme, wanazibuni wenyewe.

Mwaka 2017, wakiwa na Gryphon, walishika nafasi ya kwanza.

Sasa piga hesabu. Shahada yao ya uhandisi kwa kawaida ni miaka 4. Aliyeingia mwaka wa kwanza timu ilipoanzishwa mwaka 2012, kwa hesabu ya kawaida alihitimu mwaka 2016. Ushindi ulikuja mwaka mmoja baada ya yeye kuvua joho. Yule kijana aliyekata vyuma vya kwanza, akaunguza bodi za kwanza, huenda siku ya ushindi alikuwa kazini kwake, akisoma habari kwenye simu kama mimi na wewe.

Je, alishindwa? Kwa swali la "mmeshinda?" jibu ni ndiyo, kila mwaka alishindwa. Lakini bila yeye hakuna Gryphon.

Na ushindi haukai nyumba moja. Mwaka 2018 nafasi ya kwanza ilikwenda kwa timu ya Częstochowa, na mwaka 2019 kwa timu ya Kielce, zote za Poland. Kabla ya hapo chuo kingine cha Poland, cha mji wa Białystok, kilishinda mwaka 2011 kwa kigari kilichoitwa Magma2. Mwaka 2012 kikapokonywa na York University ya Canada. Kikarudi kushinda mwaka 2013 na Hyperion, kisha mwaka 2014 na Hyperion 2. Ukiyatazama majina hayo, hizo namba 2 zinakwambia kwamba hawakuwa wanaanza upya kila mara. Walikuwa wanatengeneza kile kilichotangulia.

Mwaka 2020 mashindano yalifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na mwaka 2021 timu hazikwenda jangwani pia. Kuna waliokuwa mwaka wa mwisho ambao kazi yao yote haikukanyaga vumbi la Utah.

Hata wataalamu wa NASA wamekwama. Mwaka 2009 kigari chao kiitwacho Spirit kilinasa kwenye mchanga huko Mirihi. Wahandisi walimwaga mchanga wao hapa duniani, wakaweka kigari kinachofanana na kile, wakajaribu kwa miezi namna ya kukitoa. Hakikutoka. Wakaamua kitumike kupima pale pale kiliponasa, mpaka mawasiliano yalipokatika mwaka 2010. Sikuona mahali ambapo mtu aliyekuwa akikiongoza alifichwa jina lake kwa aibu.

Kilichompata mdogo wangu

Siku ya tatu mdogo wangu alipokea simu yangu. Sikumuuliza kuhusu ushindi. Nilimuuliza, "Kiliharibika nini?"

Alikaa kimya kidogo, halafu akaanza kueleza na hakunyamaza tena.

Kigari chao kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Usiku wa kuamkia siku ya kurekodi video ya mchujo, yeye ndiye aliyekuwa na zamu ya umeme. Alikuwa macho tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Alipounganisha betri aligeuza nyaya, chanya ikaenda mahali pa hasi. Wakasikia mlio mdogo, wakaona moshi. Bodi inayoendesha mkono wa kigari ikaungua, na ya akiba hawakuwa nayo. Walirekodi video mkono ukiwa umelala kama wa mgonjwa. Hawakualikwa.

"Watu 30 wamefanya kazi mwaka mzima, dada. Mimi nimeiunguza kwa sekunde moja," aliniambia.

Nikamuuliza wenzake walisemaje. Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Wiki ile ile timu iliitisha kikao. Hawakuuliza nani kafanya. Waliandika kwenye kumbukumbu zao nini kimetokea, saa ngapi, na kwa nini iliwezekana kutokea. Wakakubaliana mambo matatu: kiunganishi cha betri kibadilishwe kiwe cha aina isiyoweza kuingia kinyume, bodi ya akiba iwepo daima, na mtu aliyekesha asiguse betri. Kisha wakaanza kuzungumzia kigari cha mwaka unaofuata.

"Kwa hiyo wenzako wamekusamehe," nikasema.

"Wenzangu walishasahau. Mama ndiye sijui nitamwambia nini. Mlichanga nauli."

Siku zote zile alikuwa halali vizuri, anakula mara moja kwa siku, na vipindi viwili alikuwa haingii darasani. Kigari kilishapata mpango wa matengenezo. Aliyekuwa hana mpango ni yeye.

Usingizi si uvivu

Hapa naomba nivae kofia yangu ya afya.

Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima alale angalau saa 7 kwa usiku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, umakini wake hushuka na kufanana na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24, anafanana na mwenye asilimia 0.10. Huyo hutampa funguo za gari lako. Lakini mtoto akikesha na vitabu au na mashine ya kukata chuma, tunamsifu kwamba ni mpambanaji.

Kumbukumbu nazo hujengwa usingizini. Anayesoma mpaka alfajiri ili aingie kwenye mtihani saa mbili asubuhi anajipunja mwenyewe. Vinywaji vya kuongeza nguvu haviondoi deni hilo la usingizi, vinaliahirisha tu, na vikinywewa jioni vinaharibu hata usingizi mchache uliobaki.

Jambo la pili ni sonona. Kuhuzunika baada ya kushindwa ni kawaida, na kwa wengi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Lakini hali ikifika wiki mbili, karibu kila siku, mtoto hana furaha au hapendi tena vitu alivyovipenda, usingizi umebadilika, hamu ya kula imebadilika, anajiona hana thamani, hapo hahitaji mawaidha. Anahitaji mtaalamu. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri kwa wanafunzi, na kwa aliye nyumbani anzeni na kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Akisema au kuandika kwamba haoni sababu ya kuishi, usisubiri kesho na usimwache peke yake. Kama yuko mbali, mtafute mtu wa karibu naye aende alipo, saa hiyo hiyo.

Na tusijidanganye kwamba mtoto anayejibu "nipo salama" yuko salama. Maneno hayo mawili ni kamera moja tu.

Kuomba msaada kuna gharama, lakini safari inaendelea

Kuna kanuni moja ya mashindano haya ambayo nimeipenda kuliko zote. Kigari kikikwama kwenye mawe au kikipinduka, timu inaruhusiwa kuomba kwenda kukikwamua kwa mikono. Kila wakifanya hivyo hukatwa asilimia 20 ya alama za kazi hiyo. Inauma. Lakini baada ya hapo kigari kinaendelea. Timu inayoona aibu kuomba, ikabaki inazungusha magurudumu kwenye mchanga mpaka muda unaisha, inabaki na alama ilizokuwa nazo pale ilipokwama.

Watoto wetu wengi wanazungusha magurudumu mchangani. Wanaona gharama ya kuomba msaada nyumbani ni kubwa mno. Wanakumbuka ng'ombe aliyeuzwa, kiwanja kilichouzwa, mjomba aliyekopa, na mara zote tulizowakumbusha. Hivyo wanaficha. Mwingine hufukuzwa chuo na nyumbani wakajua baada ya mwaka mzima.

Mimi bado sijawa mzazi, kwa hiyo sitajifanya mjuzi wa malezi. Lakini baada ya kuongea na mdogo wangu, na kwa ruhusa yake, nilimpigia mama mkubwa nikampa mambo manne ya kujaribu. Nawapa na ninyi.

Moja, swali la kwanza lisiwe la matokeo. Badala ya "mmeshinda?" au "umekuwa wa ngapi?", uliza "mlikuwa mnatengeneza nini wiki hii?" au "kimekusumbua nini?" Matokeo atayasema mwenyewe.

Mbili, uliza kuhusu kula na kulala kila unapopiga, na uliza kwa kitu mahususi. "Umekula?" hujibiwa "ndiyo". "Jana usiku ulikula nini, na ulilala saa ngapi?" ni vigumu kulidanganya.

Tatu, akikuambia kosa, usitoe hukumu siku hiyo. Sikiliza, kisha uliza kama ile timu: kwa nini iliwezekana kutokea, na tufanye nini lisirudi?

Nne, msimulie kosa lako. Kosa la kweli, si lile la kwenye hadithi ambalo mwisho wake ulikuwa shujaa.

Hilo la nne ndilo lililomgusa mama mkubwa. Yeye ni fundi cherehani kwa zaidi ya miaka 30. Alinyamaza, halafu akaniambia jambo ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulisikia. Kabla mdogo wangu hajazaliwa, aliwahi kukata vibaya kitambaa cha bibi harusi, siku tatu kabla ya harusi. Alikuwa amekesha akishona sare za shule. Alilipa kitambaa kingine kwa fedha za kodi ya nyumba. Baba mkubwa alidhani fedha zimeibwa sokoni, na mama mkubwa akamwacha aamini hivyo.

"Nimwambie hayo?" aliuliza.

"Mwambie hayo hayo, mama."

Waliongea kwa dakika 50. Sijui yote waliyosema, na si yangu kuyajua. Ninachojua ni kwamba kesho yake mdogo wangu alikwenda ofisi ya ushauri ya chuo chao, na mwalimu wa yale masomo mawili amempa nafasi ya kufidia kazi alizokosa. Hatuwezi kusema yamekwisha. Muhula haujaisha, na bado kuna usiku ambao hapati usingizi. Lakini sasa anapokea simu.

Timu yao imeanza kuchora kigari kipya. Wamempa kazi ya kuwafundisha wa mwaka wa kwanza jinsi ya kuunganisha betri. Mwanzoni alikataa, akaona wanamdhihaki. Nahodha wao akamwambia kwamba hakuna mtu kwenye timu anayejua zaidi yake nini hutokea nyaya zikigeuzwa.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mama mkubwa akiongea naye kwa video. Alikuwa amevaa miwani yake ya kushonea, simu ameiegemeza kwenye cherehani. Hakumuuliza kama watashinda mwaka huu.

"Kile kiunganishi mmeshakibadilisha?" aliuliza.

"Tumebadilisha, mama."

"Nionyeshe."

Akageuza kamera, akamwonyesha.